Nyumba Unayoishi Ina Msamaha wa Kodi, Lakini Hauji Wenyewe

Katika Kiswahili maneno "kodi ya nyumba" yana maana ya pesa anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana mtu akishanunua nyumba yake na kukabidhiwa funguo, huhesabu kwamba mambo ya kodi yamekwisha. Kwa ndugu zetu walioko Marekani hesabu hiyo imewaletea wengi mshtuko. Inapofika Oktoba au Novemba, inakuja barua ya serikali yenye deni la mamia au maelfu ya dola. Mzee anauliza, "Nimenunua nyumba, sasa kodi ya nini tena?"

Kodi hiyo ni kodi ya majengo, yaani ile anayodaiwa mwenye nyumba kila mwaka kwa sababu anamiliki nyumba na kiwanja. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuomba msamaha wa kodi hiyo kwa nyumba unayoishi, na tumechagua jimbo la Texas. Sababu yake ni kwamba Texas imepokea wakimbizi wengi wa Kongo waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, na baada ya miaka ya kufanya kazi viwandani, kwenye maghala na katika nyumba za kutunzia wazee, familia nyingi sasa zimeanza kununua nyumba. Wako pia Watanzania na Wakenya wengi mjini Houston na Dallas. Aliyeko jimbo jingine asichukue tarehe na tarakimu tunazotoa hapa, maana kila jimbo lina sheria yake. Lakini mambo mengi ya msingi yanafanana.

Nyumbani Afrika Mashariki nako kodi hii ipo, ila imepangwa tofauti. Tanzania mwaka 2021 ilianza kuikata kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2006, iliiondoa kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaishi. Mtu aliyezoea mpango wa namna hiyo haoni kwa nini aende kuomba kitu ambacho sheria imeshampa. Texas sheria imekupa, ndiyo, lakini usipojaza fomu utatozwa kama mtu mwenye nyumba ya biashara.

Msamaha wenyewe una uzito gani

Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Shule, kaunti, miji na hospitali za umma zinategemea sana kodi ya majengo, na ndiyo maana ni kubwa. Sehemu nzito kuliko zote kwa kawaida ni ya shule.

Msamaha wa nyumba ya kuishi, ambao huko wenyewe huuita homstedi, unapunguza thamani ya nyumba inayotozwa kodi. Kwa upande wa shule ulikuwa dola 25,000 tangu mwaka 2015, ukawa dola 40,000 mwaka 2022, kisha dola 100,000 mwaka 2023. Novemba 2025 wananchi wa Texas walipiga kura na kuupandisha hadi dola 140,000, kuanzia kodi ya mwaka huohuo wa 2025. Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, au mwenye ulemavu unaotambuliwa na sheria, anaongezewa dola 60,000 nyingine, jumla dola 200,000.

Tuchukue mfano. Nyumba imekadiriwa kuwa na thamani ya dola 230,000, na shule inatoza dola 1 kwa kila dola 100. Bila msamaha, mwenye nyumba analipa dola 2,300. Akiwa na msamaha, thamani inayotozwa inabaki dola 90,000, naye analipa dola 900. Akiwa mzee wa miaka 65, inabaki dola 30,000 tu, analipa dola 300. Hapo hatujahesabu kaunti na mji, ambavyo navyo vinaruhusiwa kusamehe hadi asilimia 20 ya thamani vikipenda.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaizungumzii sana, nayo kwa maoni yetu ni kubwa kama hiyo ya kwanza. Nyumba ikishaandikishwa kuwa ya kuishi, kuanzia mwaka unaofuata thamani yake ya kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa umejenga au umeongeza kitu kipya. Katika miji ambako bei za nyumba zinapanda haraka, asiye na fomu hana kinga hiyo.

Wapi, lini na kwa karatasi gani

Texas ina kaunti 254, na kila moja inahudumiwa na ofisi ya uthamini wa majengo. Ofisi hiyo ndiyo inayopokea maombi ya msamaha. Usiichanganye na ofisi ya mkusanya kodi, ambayo ndiyo inayotuma bili na kupokea malipo. Watu wengi hupanga foleni kwenye ofisi ya kulipia, wakaambiwa hapa sipo, wakarudi nyumbani wamekata tamaa. Aliyeko Houston aulizie ofisi ya uthamini ya Kaunti ya Harris, wa Fort Worth ya Kaunti ya Tarrant, wa Abilene ya Kaunti ya Taylor.

Fomu inaitwa namba 50-114. Inapatikana ofisini na kwenye tovuti ya ofisi hiyo, na kaunti nyingi zinaruhusu kuijaza kwa njia ya intaneti. Inauliza mambo machache: jina la mwenye nyumba, anwani, tarehe aliyoanza kumiliki na kuishi humo, na kama ana nyumba nyingine aliyoiombea msamaha. Haiulizi uraia wako. Tunasema hivi kwa sababu tunajua wapo wenye kadi ya ukazi tu wanaodhani msamaha ni wa raia peke yao.

Pamoja na fomu unatoa nakala ya leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo la Texas. Na hapa ndipo maombi mengi yanapokwama: anwani iliyo kwenye kitambulisho lazima iwe ileile ya nyumba unayoombea. Mtu amehama kutoka apatimenti miezi sita iliyopita, leseni bado inaonyesha apatimenti. Abadilishe leseni kwanza, ndipo apeleke fomu. Anayeishi katika nyumba inayohamishika, zile zinazoletwa na lori na kuwekwa kwenye kiwanja, naye anastahili hata kama kiwanja ni cha kukodi, mradi awe na hati ya serikali inayoonyesha kwamba nyumba ni yake.

Tarehe ya mwisho ni Aprili 30. Aliyenunua nyumba katikati ya mwaka anaweza kuomba mara tu anapohamia, hana haja ya kungoja Januari. Aliyechelewa naye asikate tamaa. Sheria inamruhusu kuomba hadi miaka miwili baada ya Februari 1, siku ambayo kodi ya mwaka husika ilianza kuhesabiwa kuwa imechelewa. Kama alikwisha kulipa kodi yote, atarudishiwa kilichozidi. Basi mwenye nyumba yeyote achukue bili zake za miaka ya nyuma aziangalie. Kama hakuna mahali palipoandikwa msamaha, kuna pesa yake huko.

Ofisi ya uthamini haitozi hata senti moja kwa kupokea fomu hii. Baada ya kununua nyumba utaletewa barua zenye nembo zinazofanana na za serikali, zikikutaka ulipe kiasi fulani ili "uandikishwe". Hizo ni za watu binafsi wanaouza huduma ambayo ni ya bure. Zitupe.

Jina la nani liko kwenye hati?

Hili tungependa lizungumzwe katika vikao vya familia kabla ya kununua, si baadaye. Msamaha anapewa mtu mwenye sifa mbili kwa pamoja: anamiliki nyumba na anaishi humo, na humo ndimo makazi yake makuu. Sasa tazama jinsi familia zetu zinavyonunua. Kijana mwenye mshahara mzuri na historia nzuri ya mikopo ndiye anayekubaliwa na benki, kwa hiyo hati inaandikwa kwa jina lake. Baba, mama na wadogo zake wanahamia humo. Yeye anaoa, anakwenda kuishi mji mwingine.

Kwa macho ya sheria, kijana ana nyumba asiyoishi, na wazazi wanaishi katika nyumba isiyo yao. Hakuna anayestahili msamaha, ingawa baba ana miaka 70. Kodi inakuja nzima, na ile kinga ya asilimia 10 hakuna. Kijana akijaza fomu kwamba anaishi humo wakati haishi, amesaini uongo kwenye karatasi ya serikali, na hilo ni kosa la jinai.

Hatusemi familia isisaidiane, maana bila kusaidiana wengi wasingepata nyumba kabisa. Tunasema ulizeni mapema kama jina la mzazi linaweza kuingizwa kwenye hati. Mkopo ukiwa umekwisha kuchukuliwa, jambo hili linahitaji benki kukubali na mwanasheria kuandika, wala si la kumalizwa kwa karatasi ya kujiandikia mezani.

Mume na mke wana msamaha mmoja tu. Hawawezi kuwa na nyumba mbili kila mmoja akaomba ya kwake.

Wazee

Mwenye nyumba akitimiza miaka 65, msamaha wa ziada unahesabiwa kwa mwaka mzima wa kuzaliwa kwake, hata kama siku yenyewe ni ya Desemba. Zaidi ya hayo, kodi ya shule inafungwa: haitapanda tena juu ya kiwango cha mwaka huo maadamu anaishi humo, isipokuwa ameongeza chumba au jengo. Kaunti na miji mingine nayo imekubali kufunga kodi yake.

Wengi wetu tunamfahamu mzee ambaye kwenye karatasi amezaliwa Januari 1, kwa sababu karani wa kambini alihitaji tarehe na mzee alikumbuka tu kwamba ilikuwa kabla ya vita fulani. Ofisi inafuata karatasi. Mzee ambaye kwa kweli ana miaka 68 lakini kitambulisho kinasema 62 atangoja, na hakuna afisa wa kodi atakayemsaidia katika hilo. Mwenye ushahidi wa tarehe sahihi aanze kurekebisha kwenye hati za uhamiaji, na ajue ni safari ndefu.

Ofisi ikiwa na tarehe yako ya kuzaliwa kwenye kumbukumbu zake inaweza kukuongezea msamaha wa uzee bila kuomba upya. Usiitegemee. Mwaka unaotimiza 65, piga simu uulize.

Mzee mwenye msamaha huu anaruhusiwa pia kulipa kodi kwa mafungu manne, kuanzia Januari hadi mwisho wa Julai, bila adhabu. Na kama hana uwezo kabisa, anaweza kujaza hati ya kiapo namba 50-126 ya kuahirisha kodi. Hapo hawezi kufukuzwa wala nyumba kuuzwa kwa deni la kodi muda wote anaomiliki na kuishi humo. Lakini deni halifutwi. Linaendelea kuhesabiwa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na baada yake warithi watadaiwa lote. Ni dawa ya dharura, watoto washirikishwe kabla mzee hajasaini.

Mwenye nyumba akifariki

Baba alikuwa na msamaha wa uzee. Amefariki. Jina lake bado liko kwenye hati, mama anaendelea kulipa kwa jina la marehemu kama alivyozoea, na hakuna aliyekwenda ofisini kwa sababu nyumba iko kwenye msiba na mambo ya mirathi ni mazito kuyagusa. Mwaka mmoja au miwili baadaye ofisi inagundua kwamba aliyeandikishwa amekufa. Msamaha unaondolewa. Bili inayofuata ni mara tatu au nne ya ile ya zamani.

Mama huyu ana haki ambazo pengine hazijui. Kama alikuwa na umri wa miaka 55 au zaidi siku mume alipofariki, na mume alikuwa akipata msamaha wa miaka 65, anaweza kubaki na msamaha huo pamoja na kile kiwango cha kodi ya shule kilichofungwa, mradi aendelee kuishi humo. Lakini anatakiwa aombe kwa jina lake.

Na je, kama anayeishi humo ni mtoto au mjukuu, na mirathi haijafunguliwa mahakamani? Zamani watu wa namna hii walikuwa wakirudishwa kwa sababu jina lao haliko kwenye hati. Sheria ilibadilishwa, na tangu Septemba 2019 mrithi anayeishi katika nyumba aliyorithi anaweza kupewa msamaha kamili, hata kama wapo warithi wengine wanaoishi kwingine. Anapeleka fomu ileile ya 50-114, akiweka alama mahali panapohusu nyumba ya urithi, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza haki yake juu ya nyumba, cheti cha kifo cha marehemu, na bili ya karibuni ya maji au umeme. Hati za kiapo ziko kwenye fomu namba 50-114-A. Warithi wengine wakiwa wanaishi humo pia, nao wanatakiwa kutoa kiapo cha kukubali. Kama kuna uamuzi wa mahakama, auambatanishe, lakini kutokuwepo kwake hakumzuii kuomba.

Marehemu akiwa amefia safarini Bukavu au Kigoma, familia ihakikishe inapata cheti cha kifo kabla ya waliosindikiza msiba kurudi. Kukifuatilia kutoka Texas baada ya mwaka ni kazi nyingine.

Kusafiri na kupangisha

Je, ukienda nyumbani miezi minane kumuuguza mama yako unapoteza msamaha? Hapana. Sheria inakuruhusu kuwa mbali kwa muda usiofika miaka miwili, mradi una nia ya kurudi na hujaweka makazi makuu mahali pengine. Ila barua zako zisomwe na mtu wakati haupo. Ukipangisha chumba kimoja huku ukiendelea kuishi humo, msamaha unabaki kwa sehemu unayoishi. Ukiipangisha nyumba nzima ukahamia kwingine, umeondoka kwenye msamaha, na unapaswa kuwaarifu.

Barua zisitupwe

Tumesema barua za kuomba pesa zitupwe. Za ofisi ya uthamini zifunguliwe siku hiyohiyo. Tangu Septemba 2023 sheria inazitaka ofisi hizi zihakiki kila msamaha angalau mara moja katika miaka mitano. Inaweza kuja barua ya kuuliza kama bado unaishi humo, na asiyejibu anaweza kuondolewa. Katika nyumba ambako anayesoma Kiingereza ni mtoto wa darasa la saba, barua ya namna hii hukaa juu ya friji hadi siku zake zipite. Viongozi wa vikundi vya akina mama na jumuiya zetu wangeweza kutenga siku moja kila mwezi Machi, watu waje na barua zao na vitambulisho, vijana wawasomee na kuwajazia. Haihitaji bajeti.

Kodi ya mwaka hulipwa kabla ya Januari 31 kwisha. Kuanzia Februari 1 deni linaongezeka asilimia 7, na kufikia Julai asilimia 18, juu yake ada ya mawakili inayoweza kufika asilimia 20. Mwisho wake ni kesi, na nyumba kuuzwa kwa mnada, ambao kwa desturi ya Texas hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi. Waliomaliza mkopo au walionunua kwa fedha taslimu wawe macho zaidi, kwa kuwa hawana benki inayowawekea kodi pembeni kila mwezi. Kabla mambo hayajafika huko, mwenye nyumba ya kuishi aende ofisi ya mkusanya kodi aombe makubaliano ya kulipa kwa awamu. Kama hajapewa makubaliano hayo katika miezi 24 iliyopita, ofisi inalazimika kumkubalia, na muda wake hauwi chini ya miezi 12 akiomba hivyo. Hata nyumba ikishauzwa, mwenye nyumba ya kuishi ana miaka miwili ya kuikomboa, ingawa atamlipa mnunuzi nyongeza ya asilimia 25 mwaka wa kwanza na 50 mwaka wa pili.

Maombi yako ya msamaha yakikataliwa, utaletewa barua yenye sababu. Una siku 30 za kupinga mbele ya bodi ya mapitio ya uthamini ya kaunti, nako pia hulipi kitu. Nenda na kitambulisho, bili za maji na umeme za miezi kadhaa, na mtu wa kukufasiria. Mara nyingi sababu iliyoandikwa ni moja tu, anwani ya kwenye leseni, na ikisharekebishwa unaweza kuwasilisha fomu upya bila kungoja siku ya bodi.